Mke wa Siku za Meli

Siku za meli, kazi ya Fundi ilikuwa kukaa. Siku nyingine zote alishona: mapazia ya nyumba ya wageni, sare za wauguzi, suruali za watu walionenepa na hawataki kukubali. Lakini meli ikifunga gati alifunika cherehani, akajipaka mafuta, akaenda kukaa kiti cha mbele cha gari la mumewe, mikono juu ya mapaja, akitabasamu kama mtu anayepigwa picha ya kitambulisho. Hakuuza kitu wala hakuongoza mtu. Alikaa ili wageni wamwone.

Ujanja huo aliugundua mumewe, ambaye kisiwa kizima kilimwita Ratiba, kwa kuwa hakuwa na sentensi isiyo na saa ndani yake. Wageni wa meli hushuka na saa sita mkononi, na katika saa hizo sita wana hofu mbili: kuibiwa na kuachwa. Ya kuachwa ndiyo kubwa. Kisiwa chenyewe ukikitazama kinatisha. Ni mchanga na mawe, barabara moja iliyonyooka, hakuna mti wa kumpa kivuli hata mbuzi, na maji ya kunywa huletwa kwa lori. Mgeni akifikiria kubaki hapo huku meli inaondoka na nguo zake zote, anatazama saa yake kila hatua. Basi kwenye lango la bandari madereva thelathini wanapiga kelele, naye anapita katikati yao amekumbatia begi, anatafuta uso usio wa mwizi. Ratiba aliona kwamba gari lenye mwanamke mbele hujaa kwanza. "Huyu mke wangu," huwaambia kwa lugha yao, na hapohapo mabega ya wageni hushuka. Eti mtu haibi mbele ya mkewe. Haya.

Lugha hiyo Fundi hakuijua. Alikuwa na maneno saba au manane ya kuokoteza: habari, asante, maji, choo, ghali. Na neno lao la "mke" alilijua vizuri kuliko yote, maana ndilo lilikuwa cheo chake.

Asubuhi hiyo ilikuwa mara ya kwanza kurudi kazini baada ya miezi minane. Ratiba alikuwa mlangoni anafuta kioo cha gari kwa gazeti, maana maji hayapotezwi kwa kioo.

"Meli imeshafunga," alisema. "Saa mbili na robo. Wanatoka saa mbili na nusu. Saa nane na nusu wawe ndani, saa tisa inang'oa nanga. Twende, mke wangu."

"Nakuja. Lakini nijibu kitu kimoja." Fundi alikuwa anafunga kitambaa cha kichwa mbele ya kioo. "Mwezi ule nilipokuwa kitandani, ulirudi na gari limejaa. Meli mbili mfululizo. Baadaye ukaanza kurudi na watu wawili, watatu. Ilikuwaje?"

"Bahati."

"Bahati ilikuja mwezi mmoja tu?"

"Ndiyo maana inaitwa bahati."

Mama mkwe, aliyekuwa anachambua mchele barazani, aliinama kuokota kitu chini. Fundi alitazama. Chini hapakuwa na kitu. Swali hilo alikuwa amekaa nalo tangu zamani, kila meli likimwasha, na sasa alikuwa na hakika kwamba jibu liko ndani ya nyumba hii na watu wawili wanalikalia.

"Nendeni, wanangu," alisema mama mkwe bila kuinua uso. "Mtachelewa."

*

Langoni jua lilikuwa tayari limeshika moto. Fundi alikaa kwenye nafasi yake na tabasamu lake. Wageni walianza kutoka, wawili wawili, wakifunika macho. Mzee mmoja aliipiga picha namba ya gari kabla hajasalimia. Hilo ni la kawaida, hupiga picha ili polisi wapate pa kuanzia.

Ghafla bibi mmoja mwenye kofia pana kama sinia alipiga ukelele. Alikuwa anamwonyesha Ratiba kidole. Akaja mbio, kwa kadiri ya umri wake, nyuma yake mzee wake anayumbayumba na begi. Bibi akamshika Ratiba mikono yote miwili, akaitikisa, akasema maneno mengi. Kisha akainama dirishani kwa Fundi. Alitabasamu, lakini macho yalimpita Fundi, yakaenda kiti cha nyuma, yakarudi, yakamtazama tena. Yalikuwa macho ya mtu anayetafuta mtu mwingine.

Ratiba alisema kitu haraka. Fundi alisubiri neno lake. Halikuja. Lilikuja lingine, fupi, ambalo hakuwahi kulisikia kando ya jina lake, na bibi akaitikia "Aaah" ndefu, akampiga Fundi bega kwa upole.

"Wateja wa zamani," Ratiba alisema akiingia. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. "Wamelipia gari zima, wao wawili tu. Wanafurahi kukuona."

"Wananifahamu?"

"Wanafurahi tu."

Gari likaondoka. Kwa kawaida Ratiba huimba habari za kisiwa: mashamba ya chumvi, mnara wa taa, vilima vya mchanga vinavyohama kila mwaka. Leo msemaji alikuwa bibi, kutoka nyuma. Aliuliza swali refu kama kamba ya kisima. Ratiba akajibu kwa neno moja. Akauliza tena.

"Anasemaje?" Fundi aliuliza.

"Anasema hewa ni kavu."

"Maneno yote hayo ni hewa?"

"Kavu sana."

Fundi alijua mumewe akidanganya hukuna shingo, na shingo ilikuwa inakunwa. Walipofika kwenye mashamba ya chumvi, bibi alimgusa bega kutoka nyuma, akampa simu yake aone picha. Alikuwa anacheka kwa furaha ya mtu anayeleta habari njema.

Kwenye picha alikuwepo Ratiba, amesimama kando ya gari hili hili. Kiti cha mbele, mlango wazi, alikaa mwanamke kijana mwenye mimba kubwa, mkono juu ya tumbo. Fundi hakumtambua mara moja. Alichotambua ni gauni. Lilikuwa la maua ya manjano, pana, limekatwa chini ya kifua, na mfuko wa kulia ulikuwa wa buluu kwa sababu kitambaa kilimwishia akamalizia na kipande cha pazia. Hakuna fundi mwingine duniani angeshona mfuko ule. Alilishona kwa ajili ya tumbo lake mwenyewe, akalivaa wiki tano.

Akarudisha simu kwa mikono miwili, kwa adabu, akasema "asante" kwa lugha yao.

"Nani yule?" alimuuliza mumewe.

"Nani?"

"Usinijie na 'nani'. Yule aliyevaa gauni langu."

"Cheka," Ratiba alisema kwa sauti ya chini. "Wanatutazama kwenye kioo."

Fundi akacheka, meno yote nje. "Nimecheka. Nani yule?"

"Mke wa mlinzi. Yule mlinzi wa usiku, lango la pili."

"Na tumbo?"

"Tumbo lake."

"Najua ni lake, sidhani kama nalo aliazima. Nauliza la nani."

"La mlinzi! La nani tena, we mwanamke?"

"Cheka," Fundi alimkumbusha.

Ratiba akacheka. Nyuma bibi naye akacheka, akamgusa mzee wake goti kumwonyesha jinsi watu hawa wanavyopendana.

"Ulikuwa kitandani," Ratiba alisema, meno bado nje. "Meli inakuja, langoni nimesimama peke yangu kama mwizi. Nikamwona yule dada anamletea mumewe chakula. Nikasema, kaa hapa saa sita, nitakulipa. Gari likajaa dakika tano. Watu walikuwa wanasukumana. Dereva mwenye mke mjamzito, nani atamwogopa?"

"Ukawaambia ni mkeo."

"Nikawaambia."

"Na leo mimi ni nani?"

Ratiba alikuna shingo. "Dada yangu."

"Mkubwa au mdogo?"

Fundi aligeuka akatazama chumvi. Alitaka kupiga kelele, na alitaka kuteremka, na hapakuwa na pa kuteremkia kwa kilomita tisa. Miezi minane alijua kuna kitu. Sasa alikuwa amekipata na hakumwamini hata kidogo. Mtu anayeweza kusema mke ni dada, atashindwaje kusema mtoto wake ni wa mlinzi?

Bibi aliongea tena. Alikuwa ametoa kifurushi kwenye begi, kimefungwa kwa utepe mweupe, amekikumbatia. Safari hii Ratiba hakutafsiri hata alipoulizwa mara mbili. Alipunguza mwendo.

"Wanataka kumwona mtoto," alisema hatimaye.

"Mtoto gani?" Fundi aliuliza, na safari hii hakucheka.

"Wa kwenye picha. Wanasema vilima waliviona mara ya kwanza. Wana saa chache, na hawataki kuzimalizia kwenye mchanga. Bibi amemfumia nguo kwa mikono yake."

"Waambie hayupo."

"Nikisema hayupo wataniuliza yuko wapi. Wakigundua niliwazunguka, wakirudi melini wataandika kwenye simu zao. Mgeni mmoja akiandika neno 'mwongo' juu yangu, meli ijayo sipati hata wa kuuliza njia ya choo. Tutakula nini?"

Hapo alisema kweli, na Fundi alimchukia kwa kusema kweli wakati huo. Akamwona anatoa simu, anampigia mlinzi, anaongea Kiswahili chake chote bila haya, maana wageni hawaelewi.

"Kaka, amka. Amka, nisamehe. Nakuja na wale wazee. Wale wa siku ile. Ndiyo, mvishe mtoto vizuri. Na wewe... wewe kaa nje kidogo, kaka. Nitakulipa ya usumbufu. Nitakulipa, si nimesema!"

*

Nyumba ya mlinzi ilikuwa chumba na sebule, na uani pipa la maji lenye kufuli. Mkewe alitoka mlangoni na mtoto mkononi, macho yanamcheza. Alipomwona Fundi alirudi nyuma hatua moja. Alimjua. Kisiwa kidogo, wote humjua anayewashonea.

Bibi wa kofia alilia palepale. Akamchukua mtoto, akambusu, akamkabidhi mzee wake, akamnyang'anya tena. Alikuwa msichana wa miezi sita, ana mashavu na amekasirika. Fundi alisimama karibu, akamkagua kama anavyokagua kitambaa cha mteja asiyemwamini: paji, pua, masikio. Masikio ya Ratiba yamejitokeza kama vishikio vya sufuria. Ya mtoto yalikuwa madogo, yamelala. Akamkagua tena. Alitaka kupata kitu, na alitaka asipate, na hakujua ni lipi alilitaka zaidi.

Kisha kifurushi kikafunguliwa. Ndani mlikuwa na sweta la sufi, suruali ya sufi, kofia ya sufi yenye kishada, na soksi. Kazi safi, Fundi alikubali moyoni. Mishono ililingana yote. Lakini kisiwani humo hata usiku watu hulala na dirisha wazi, na saa hiyo ilikuwa saa tano na nusu, bati linawaka juu ya vichwa vyao. Bibi akamvisha mtoto vyote. Hakuna aliyethubutu kusema kitu. Mtoto aliiva kama nyanya, akafungua kinywa, akalia kilio cha kudai haki yake.

"Simameni," Ratiba alitafsiri. "Wanataka picha. Familia."

Akasimama yeye, na mke wa mlinzi kando yake, na mtoto katikati. Bibi aliwapanga, akawasogeza wakaribiane, akauchukua mkono wa Ratiba akauweka juu ya bega la mke wa mlinzi. Kisha akatazama nyuma, akamwona Fundi, akampa simu. Alimwonyesha pa kubonyeza.

Fundi akaishika. Aliwaona wote watatu kwenye kioo kile kidogo. Mumewe alikuwa anatazama ardhi.

"Inua uso, kaka," Fundi alimwambia. "Dada yako anakupiga picha."

Akabonyeza. Akabonyeza tena, kwa kuwa mtoto alikuwa amefumba macho, na yeye hafanyi kazi mbovu.

Akarudisha simu, akatoka nje kabla uso haujamsaliti. Uani, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, mwanamume mwenye fulana alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, macho mekundu ya mtu aliyeamshwa usingizini. Walitazamana.

"Na wewe ni nani leo?" mwanamume aliuliza.

"Dada mtu. Wewe?"

"Jirani."

Fundi alicheka bila kutaka. Yule naye akacheka, akafuta macho. Ndipo Fundi alipomwona vizuri: paji lile, pua ile, na masikio madogo yaliyolala. Mtoto alikuwa amenakiliwa kutoka kwake hata nyusi. Ungedhani Fundi angepata nafuu. Kweli kitu kimoja kilimshuka kifuani, lakini pale kiliposhuka palibaki wazi, na ndani yake akaona kile kilichokuwa nyuma ya shaka ile siku zote: tumbo lake mwenyewe.

"Nimekaa hapa nje ya nyumba yangu," mlinzi alisema, "nasikia mwanangu analia, siwezi kuingia. Mara ya kwanza nilikubali kwa sababu hatukuwa na kitu. Nikasema ni kukaa tu kwenye gari. Sikujua kuna siku nitaambiwa nitoke."

"Wamemvisha sweta," Fundi alisema.

"La sufi?"

"Na kofia."

"Ya sufi? Jua hili?" Mlinzi alisimama, akakaa tena. "Watamchemsha mtoto wangu."

Mke wake alikuja kwenye mlango wa uani, amejiiba. Alimshika Fundi kiganja. "Dada, nisamehe. Gauni nililetewa limefungwa kwenye mfuko, nikaambiwa limepatikana tu. Sikujua ni la kwako, wala sikujua yaliyokupata. Nimekuja kuambiwa baadaye sokoni. Ningejua, nisingelitia mwilini."

"Nani aliyekuletea?"

"Mama mkwe wako."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kumbe ndiyo maana ya asubuhi barazani: mchele, na kuinamia kitu kisichokuwepo chini.

"Lakini kuna jambo nikwambie," mke wa mlinzi alisema haraka, maana ndani walikuwa wanamwita. "Siku ile kwenye gari mumeo aliwasimulia wale wazee habari za mtoto. Lugha siielewi, lakini alikuwa ananionyesha tumbo. Aliongea njia nzima, mpaka vilimani. Mwisho akalia. Wale wazee wakadhani ni furaha, wakampa kitambaa. Mimi niliogopa. Nikajiuliza, huyu mwanamume ana nini?"

*

Waliondoka saa saba na robo. Barabara ilikuwa tupu mbele na nyuma, na mbali kabisa, upande wa bandari, meli ilionekana nyeupe, kubwa kuliko mji.

Fundi alikuwa anamfikiria mtu anayelia mbele ya wageni na nyumbani hufuta vioo. Siku ile uchungu wa kuzaa ulipomshika Fundi kabla ya wakati, Ratiba alikuwa vilimani na wageni kumi. Alipigiwa simu, akasema hawezi kuwatupa watu jangwani, atakuja saa tisa. Alikuja saa kumi. Mambo yote yalikuwa yamekwisha. Mama mkwe na wauguzi wawili walishughulikia maziko. Mama mkwe alimshika mwanawe mlangoni pa zahanati, akamwambia jambo sikioni. Tangu hapo Ratiba hakuuliza hata neno moja. Alileta supu, alileta dawa, alileta maji. Fundi alingoja siku, kisha wiki. Baadaye akaacha kungoja, akaanza kushuku.

Nyuma, bibi alimgusa tena bega. Aliuliza kitu, swali fupi safari hii, kwa sauti laini.

"Kaniuliza nini?"

"Anauliza kama umechoka," Ratiba alisema, akakuna shingo.

Fundi aligeuka. Bibi, akidhani hajaeleweka, aliukunja mkono kifuani, akautikisa taratibu kama anayebembeleza, kisha akamwelekezea Fundi kidole na kuinua nyusi.

"Nimeiona mikono yake," Fundi alimwambia mumewe. "Kaniuliza kama nina mtoto."

"Tumechelewa. Saa saba na..."

Fundi aliunyosha mkono, akazima gari, akauchomoa ufunguo. Gari likabiringika kidogo kwa upole wake mwenyewe, likasimama katikati ya barabara.

"We! Umepata wazimu? Meli hii!"

"Mwambie nilikuwa naye. Mwambie alizaliwa hapumui, miezi saba, siku ya meli. Mwambie mama yake ni mimi na baba yake ni wewe. Ukimaliza nakupa ufunguo."

"Fundi, nakuomba. Nyumbani. Tutaongea nyumbani."

"Nyumbani nimekungoja miezi minane."

Injini ilipozima, kiyoyozi nacho kilizima. Joto likaingia kana kwamba lilikuwa linasubiri mlangoni. Mzee alitazama saa yake. Akatazama meli. Akamtazama mwanamke aliyeshika ufunguo, na dereva anayetoka jasho, na mchanga pande zote, na Fundi akaona hofu ile kubwa inamjia usoni, ile ambayo yeye alilipwa miaka yote kuiondoa. Mzee alisema kitu kwa ukali. Kisha akatoa pochi, akahesabu noti, akazinyoosha katikati ya viti viwili.

"Wanadhani tunawateka," Ratiba alisema. Sauti yake ilikuwa nusu kilio. "Wanadhani tunataka pesa. Unaona ulichofanya? Nimekwisha. Nimekwisha mimi!"

"Basi watoe hofu. Waambie tunachotaka."

Ratiba alizitazama noti zile. Akazisukuma zirudi, taratibu, kwa kiganja. Akashika usukani kwa mikono yote, akaitazama barabara ndefu mbele yake, akaanza kuongea lugha yao. Fundi hakuelewa, lakini alijua urefu wa uongo wa mumewe na huu haukuwa urefu wake. Alikuwa anaongea kwa vipande. Alisema, akasimama, akasema. Hakukuna shingo. Mahali fulani bibi alivua kofia. Mahali fulani mzee alikunja noti akazishika tu mkononi, hakujua azipeleke wapi.

Alipomaliza, bibi aliuweka mkono wake juu ya bega la Fundi na hakuuondoa. Mkono ulikuwa mkavu, una moto. Kisha akauliza kitu.

Ratiba hakutafsiri.

"Anasemaje?"

"Anauliza..." Alijaribu tena. "Anauliza alikuwa wa kike au wa kiume."

"Si umjibu."

Ratiba alifungua mdomo. Fundi akamwona anatafuta, kama mtu anayepapasa mfukoni kitu ambacho hakuwahi kukitia. Hakuwa na jibu. Hakuna aliyempa, na hakumwomba mtu. Alikuwa amewasimulia wageni mtoto njia nzima mpaka vilimani, na hakumjua.

Meli ikapiga honi ya kwanza, nzito, ikafika kwao imechoka. Hakuna aliyegeuka kuitazama.

"Mama aliniambia nisikuulize," alisema. "Aliniambia nikikuuliza nitakuua. Nikaona afadhali nikae kimya." Aliuacha usukani, akamgeukia mkewe, mabega na yote. "Sasa nakuuliza mimi. Si bibi huyu. Alikuwa nani?"

"Wa kiume," Fundi alisema. "Alikuwa na nywele nyingi. Masikio yako."

Ratiba aliinua mikono akayashika masikio yake, yote mawili, kama mtoto aliyefokewa. Kisha akawageukia wageni awatafsirie. Akaanza neno la kwanza, likakatika. Akaanza tena. Lugha ile yote aliyojifunza miaka kumi na miwili langoni haikumpa hata neno moja, na bibi yule, aliyekuwa bado anamtazama mdomo, akamwambia kwa kichwa kwamba inatosha, ameelewa.